Kaka Ikikuja

Mama yangu Kulthumu ana mdomo, na Kiswahili cha Bukavu kilimkera tangu siku alipopanda kutoka Uvira kuja kuniuguzia mtoto. "Watu hawa kila kitu kwao iko," alinung'unika. "Mtu iko, mbuzi iko, ndoo iko!" Nilimwacha aseme. Mimi nilikuwa na hofu yangu.

Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hata nikaogopa kumshika. Alilishwa kwa mshipa, serumu yenye chakula ikishuka taratibu mkononi mwake. Ndiyo iliyomweka hai, lakini daktari Hugues hakunificha: ikikaa sana inachosha ini, na pale inapoingilia sindano vijidudu navyo hupata mlango. Mara moja vilishapita, nikamwona mwanangu anageuka rangi ya majivu. Sikutaka kuyaona tena. Basi nikawa nakamua maziwa, anapewa matone kwa mpira wa puani, kesho yake yanaongezwa kidogo. Yalikubali. Halafu tumbo likaanza kujaa, choo hakuna. Kisipotoka, maziwa yangesimamishwa turudi kwenye serumu tupu.

Asubuhi moja, nikiwa chumba cha kukamulia, mama alimbana nesi Marcelline mlangoni pa wodi. Kwa nini mjukuu wake hatolewi sindano?

"Tunangojea kaka, maman," Marcelline alimjibu. "Kaka ikikuja tu, tunatosha serumu, tunaiondoa."

Mama alitoka uani akapiga simu Uvira.

Kesho yake mchana nimekaa na mtoto kifuani, tumefunikwa kitenge, mara anaingia kaka yangu Yassine. Kanzu nyeupe imejaa vumbi la barabara ya Luvungi hadi magotini, boksi la tende kwapani.

"Nimefika!" alisema akihema. "Nimeacha duka. Mtoeni mtoto sindano."

Marcelline alimkazia macho. "Uko nani, papa?"

"Mimi ndiye kaka! Si mlikuwa mnaningoja?"

Marcelline alinitazama, akamtazama mama, kisha akaegemea ukuta. "Yesu wangu! Kaka ya mu kushi, papa!" Akaonyesha nepi. "Mavi! Tunangojea mavi ya mutoto!"

Nilicheka hadi mtoto akawa anarukaruka kifuani. Wazazi wa vitanda vya jirani walicheka. Yassine alisimama na tende zake kama aliyekosea harusi.

"Sasa alisema *ikikuja*," mama alijitetea kwa hasira. "Nikadhani ndivyo wanavyosema watu hapa!"

Marcelline alimhurumia Yassine. Alimpeleka kwenye bomba. "Nawa, papa. Mpaka ku kiwiko. Tena. Na ile saa, tosha." Alipotosheka, akamkalisha na kumpakatisha mpwa wake. Kaka yangu, anayegombana na madereva wa malori, alimshika kama yai.

Tukasikia kasauti kadogo. Yassine akaganda.

"Nesi," alinong'ona, "kuna joto kwenye kanzu."

Marcelline alifungua nepi na kupiga kelele. "Njano! Docta, njano! Kaka imepata kaka!"

Hugues alikuja mbio. Alilibonyeza tumbo: laini. Alimsikiliza, akatazama kwenye karatasi maziwa aliyopewa, akatabasamu. "Maziwa inamutosha. Tosha serumu."

Marcelline alibandua plasta polepole. Tangu nimzae sikuwahi kuuona mkono ule mtupu. Ulikuwa na kidoti chekundu tu na vidole vinavyofumba na kufumbua hewa. Nililia kwa sauti, sikuona haya, na nilikuwa bado nacheka.

Yassine alikataa kupanguswa kanzu. Naye mama alikuwa ameshatoka uani, simu sikioni, anawapigia kelele Uvira nzima:

"Kaka iko! Jamani, kaka iko!"