Nyoka Kwenye Kofia ya Alphonse

Kwiii. Ni bawaba ya sanduku la bati la Koko Georgette, iliyoota kutu. Kabla jua halijatoka, ndiyo sauti ya kwanza nyumbani mwetu. Nilikuwa nanyonyesha gizani, na nilijua anachotafuta. Koko ni bibi wa mume wangu. Macho yake yamefifia, lakini picha ile anaitambua kwa kidole, maana kona yake moja imekatika.

"Mama Tania, uko macho?"

"Niko macho, Koko."

"Utakubali?"

Nikampigapiga mtoto mgongoni kana kwamba amepaliwa.

Alitaka kitu kimoja tu. Mwanangu alikuwa na wiki tano, na bado tulimwita Bebe. Koko alitaka apewe jina la Alphonse, baba yake yeye Koko. Alitaka kulisikia likiitwa uani kabla hajafa. Lakini katika ukoo wetu hakuna aliyelibeba jina hilo kwa miaka sabini.

Sababu ilikuwa kwenye picha. Alphonse amesimama wima, kaptula imepigwa pasi, na juu ya kofia yake ya askari kuna alama ndogo ya chuma. Nyoka. Hapa mjini Baraka ilisemwa kwamba alirudi kutoka vita vya Wazungu na joka, kwamba joka lilitaka kulishwa, na kwamba ndilo lililokula wadogo watatu wa Koko katika mwaka mmoja.

Mimi nimesoma. Miaka miwili, kila nilipomaliza kuuza dagaa wa ndakala sokoni, nilikaa kwenye benchi la masomo ya jioni mpaka nikapata cheti. Mbele ya mwalimu nilisema siamini mambo ya majoka. Lakini mtoto akiwa kifuani, shule yote inatoka kichwani. Nilikuwa nimekataa. Na Papa Jacques, mkubwa wa ukoo, mtoto wa dada yake Koko, alikuwa amepiga simu kutoka Fizi: anakuja Jumapili kumpa Bebe jina, na lisiwe lile.

Kulipopambazuka, Koko alinipa picha.

"Unisomee basi iyi kofia. Wakati nilikuwa na macho, niliogopa kuiangalia."

Nikachukua telefoni ya Wilfried, mume wangu, nikaipiga picha ile kofia, kisha nikaivuta kwa vidole viwili. Nyoka akakua. Kidogo niitupe telefoni.

"Anazunguka fimbo, Koko."

"Fimbo? Hakuna muntu alisemaka fimbo."

"Iko fimbo. Anapanda nayo, kichwa juu."

Koko aliirudisha picha sandukuni. Nami nikabaki na fimbo ile kichwani, kama jina la mtu unayemjua lakini halitoki mdomoni.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya. Bebe alining'inia kwenye mizani akipiga kelele, na Munganga Haruna, muuguzi wetu mzee, akainama kuandika kilo kwenye fishi, kadi yake ya kliniki. Kwenye mfuko wa koti lake jeupe, kwa uzi wa kijani, nyoka alikuwa amezunguka fimbo. Koti lile nimeliona tangu chanjo za kwanza za Tania, binti yangu, ambaye sasa ana miaka minne. Sikuwahi kuliangalia.

"Munganga, uyo nyoka..."

"Anakuogopesha? Hajauma muntu tangu nianze kazi."

Bamama kwenye benchi wakacheka. Mimi nikampa telefoni. Akavaa miwani, akaishika karibu na pua.

"Uyu ni wa kwetu," alisema, na sauti yake ilibadilika. "Hata mu jeshi. Askari wa kupigana walikuwa na alama zao. Iyi ilikuwa ya wenye kufunga vidonda. Ni nani kwako?"

Kinywa changu kilitangulia woga wangu. "Ni babu ya mutoto wangu."

Nilimkuta Koko akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipomaliza kumwambia, mchi ulibaki ndani ya kinu.

"Alikuwa ananawa mikono mpaka kwenye kiwiko," alisema. "Kila mara. Wembe anachemusha, sindano anachemusha. Bantu banasema anapikia joka." Akapumua. "Ule mwaka wa surua hakulala, mama. Alipita nyumba kwa nyumba na sufuria yake. Batoto bake bakafa, na batoto ya wengine bakapona. Njo maana bakasema alibauzisha kwa joka."

Akalia bila sauti. Nikakaa naye chini, bega kwa bega, mpaka Bebe akadai ziwa.

Jumapili Papa Jacques alishuka kwenye pikipiki, mwekundu kwa vumbi la njia ya Fizi.

"Mwanamuke wa masomo ya jioni!" aliita toka mlangoni. "Nasikia nyoka naye amepata diplome?"

Sikubishana. Nilimwonyesha kofia kwenye telefoni, kisha mfuko wa koti la Munganga Haruna, ambao nao nilikuwa nimeupiga picha. Akavuta kwa vidole, akarudi kwenye picha ya kofia, akavuta tena.

"Hata kama," alisema. "Nani huko nje ataamini? Munataka mutoto akimbiwe na wenzake?"

"Jacques," Koko alisema, "kovu ya mu mguu wako, nani alikushona?"

Papa Jacques alikunja suruali taratibu. Kovu lilikuwa refu, limenyooka vizuri, alama za uzi zikihesabika.

"Ni yeye, mama mudogo," alisema. "Nilikuwa na miaka munane. Jembe. Mbele ya kunishika alinawa, alinawa, mi nikalia nikisema anachelewa tu."

Alikaa akilitazama kovu lake. Halafu akaomba maji na sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akatikisa mikono, akanyoosha. Nikampa mwanangu.

Wakati huohuo Mama Arlette, jirani yetu, alichungulia juu ya ua na bakuli lake la unga.

"Ee, mukubwa amefika! Sasa tutamwita nani uyu mutoto?"

Papa Jacques alimtazama Koko. Koko aligeuza uso upande wangu. Nami nikafungua mdomo, lakini kuna aliyenitangulia.

Tania alikuwa ameshika kidole cha mguu wa mdogo wake.

"Anaitwa Alphonse," alisema.