Mteja wa Dancan

Tom, mume wangu, alinivunja mkono wa kushoto kwa sababu ya chumvi. Ilizidi kwenye mchuzi, akaupinda mkono wangu hadi ukalia, kisha akakaa akamaliza kula. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele huruma yangu ilikwenda wapi.

Mkono ulipopona nikatoroka na gari. Lilikuwa langu kwa haki. Marehemu baba yangu, Barnabas, fundi wa kuchomelea vyuma, alinunua lori kuukuu akalijengea nyumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, kabati, dirisha na pazia lake. Alitaka kurudi Machakos akilala njiani popote usingizi utakapomkuta. Hakuwahi kufika. Akaniachia mimi, tena kwa maandishi.

Bwana Badruddin, muuza rangi na misumari wa Tononoka hapa Mombasa, aliniruhusu niliegeshe uani nyuma ya duka lake. Nikaishi humo ndani mwaka mzima, turubali juu, kama kuku aliyefunikwa tenga.

Sasa mkewe, Bi Amtulla, alikuwa na chumba kitupu nyumbani kwao Kuze. Ghorofani, mlango wa mbao nzito, majirani kila upande ambao ukipiga chafya wanauliza una nini. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ningelala bila kusikiliza nyayo. Lakini kodi ingetoka kwenye gari, kwa hiyo gari liuzwe. Swali likawa nani auze.

"Sikiza, mwanangu Mwende," alisema Bwana Badruddin. "Uza mwenyewe. Andika kiooni, weka namba ya simu, watu watakuja. Dalali atakula kwako na kwa mnunuzi."

"Na yule mume wake akiiona hiyo namba?" Bi Amtulla alimkaripia. "Wee Badru, wataka auliwe?"

Nikamsikiliza Bi Amtulla. Tom alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na wenzake wamejaa Majengo nzima. Nikiuza mwenyewe, kila mpita njia ataniona uso. Dalali atanisitiri.

Akaja Dancan, kofia kichwani, simu mbili mkononi, ananukia mafuta ya nywele. Akalipiga gari picha huku na huku, namba ameziba kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wote.

"Mama, tulia," aliniambia. "Kwetu sisi mwenye gari hamjui mteja, na mteja hamjui mwenye gari, mpaka bei ikatwe. Nikiwakutanisha mapema mtanizunguka, nibaki nalamba vidole."

Ndilo hasa nililotaka kusikia. Haikunijia akilini kwamba pazia linalomficha mwenye gari linamficha na mteja. Wala sikuwaza kwamba kuziba namba ya gari ambalo halina mwenzake kisiwani ni kujidanganya. Madalali hutafutiana wateja. Picha ikatoka kwa Dancan ikaenda kwa mwenzake, na mwenzake akaipeleka kwa mwingine, hadi ikatua bandarini.

Baada ya wiki akapiga simu akicheka. "Nimempata! Bei yako ileile, hakuomba kupunguziwa."

"Ni nani?"

"Ah, mama! Mteja hatajwi."

Nikafurahi. Mimi, niliyekulia Mombasa, mji ambao mtu hubishania bei ya limau moja, nilifurahi kwamba kuna mtu ananunua gari bila kubisha. Bwege mkubwa mimi! Asiyebisha bei hana nia ya kulipa.

Walikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nimefagia, nimefua pazia, nimeinjika chai ya mgeni. Dancan akagonga, nikafungua, na nyuma ya bega lake akasimama Tom.

"Kumbe mnajuana?" Dancan aliuliza, bado anatabasamu.

Tom alimpiga kiwiko cha mdomo, akaanguka. Kisha akaingia, akatia komeo. Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni, ya pili tumboni, nikaangukia kabati alilojenga baba, vikombe vikanimwagikia. Akanishika nywele akanigonga uso kwenye ukingo wa kitanda. Nikasikia pua ikivunjika. Nilimwogopa mpaka nikajikojolea, na nilimchukia zaidi ya nilivyomwogopa.

Chai ilikuwa inachemka. Nikaivuta sufuria yote nikammwagia kifuani. Alipokuwa anapiga ukelele nikaingiza mkono chini ya kitanda, baba alipokuwa akiweka mpini wa jeki. Chuma kizito, kirefu kama mkono wa mtu. Nikampiga nacho begani, nikafungua komeo, tukaporomoka uani wote wawili.

Pale nje mtu alikuwa ameshapiga kelele za mwizi. Watu walijaa uani, mawe mkononi. Wakamwangukia Tom kwa mateke na matofali, damu ikamtoka kichwani, mmoja akawa anauliza petroli iko wapi. Bwana Badruddin alinishika bega.

"Mwende, watamuua. Ni mwizi?"

Ningeitikia tu kwa kichwa, yangeisha. Wallahi nilitamani kuitikia. Lakini nilimwona yule mwenye tofali, ni mtoto wa watu, na sikutaka awe muuaji kwa ajili yangu.

"Si mwizi," nikasema. "Ni mume wangu."

Mawe yakaanguka. Sikutarajia lile lililofuata. "Ah, mume wake," walisema. "Mambo ya nyumbani hayo." Wakaanza kutawanyika, mmoja akijifuta damu viatuni. Pua yangu ilikuwa imelala upande wa shavu, na hakuna aliyenitazama mara ya pili.

Tom akainuka polepole, akacheka kwa meno mekundu. "Umewasikia?" akasema. "Haya, twende nyumbani."

Nikalipiga goti lake kwa mpini wa jeki. Nikalipiga tena. Lilitoa sauti ileile iliyotoka mkononi mwangu siku ya chumvi. Akalala chini akilia kwa jina la mama yake, na Bwana Badruddin akamkalia kifuani hadi polisi walipokuja kumchukua.

Dancan alikuwa ameegemea ukuta, anatafuta jino lake mchangani. "Mama, pole," alisema. "Nikutafutie mteja mwingine? Huyu nitamuuliza jina."

Nililivuta turubali likaanguka chini. Nikachukua dukani brashi na rangi nyeupe, na damu bado inanidondoka kifuani nikaandika kiooni, herufi kubwa za kuonekana kutoka barabarani: INAUZWA. MWONE MWENYEWE, MWENDE, HUMU NDANI.

Kesho yake mlango ukagongwa. Nikafungua mwenyewe, mpini wa jeki mkononi, nikataja bei. Mgeni, bwana mmoja mwenye kanzu, alitazama pua yangu, akatazama na kile chuma, akameza mate.

"Haipungui kidogo?" akauliza.

Nikamwambia karibu, ingia, tubishane.