Kwa Jina la Zaliha

Vaileth alikuwa amepiga magoti ndani ya beseni la kuogea la mgeni asiyemjua, akichokonoa nywele zilizoziba tundu la maji, Madam Sylvie alipofungua mlango bila kubisha.

Madam Sylvie alikuwa msimamizi wa wasafishaji katika hoteli hiyo ya karibu na uwanja wa ndege, nje kidogo ya Paris. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alipitisha kidole juu ya kioo, akakitazama, akakifutia kwenye shuka ambalo Vaileth alikuwa ametoka kulitandika.

"Zaliha, bado chumba hiki?"

"Namalizia, Madam."

"Usipomaliza kwa muda wa hoteli, utamaliza kwa muda wako."

"Ndiyo, Madam."

Zaliha halikuwa jina lake. Zaliha alikuwa mama wa Kikomoro aliyeishi Ufaransa tangu utotoni, mwenye vibali vyote. Vaileth alifanya kazi kwa kitambulisho chake. Mshahara uliingia benki kwa Zaliha, naye Zaliha akimpa kile alichoona kinamtosha. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mnene, mweupe wa uso, mwenye mwanya. Siku ya kwanza Madam Sylvie aliitazama ile picha, akamtazama Vaileth, akarudi kwenye picha, kisha akampa sare.

Sivyo alivyoahidiwa. Alipokuwa akifua mashuka kwenye gesti moja pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, wakala mmoja aitwaye Goodhope alimweleza kwamba Ufaransa kuna kazi ya hoteli, mkataba upo, chumba cha kulala kipo. Mjomba wake Yared, mwenye kauli juu ya ardhi ya upande wa mama, akauza shamba la Rudewa ili kulipia safari, lile la bondeni lililowapa mpunga hata miaka ya mvua haba. Goodhope akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege Dar es Salaam, akampungia mkono. Alipofika, hakukuwa na mtu wa kumpokea. Viza ilikuwa ya utalii. Ikaisha, naye akabaki.

Alilala chumba kimoja na wanawake wengine, kitanda kwa zamu. Anayetoka kazini anajilaza penye joto la mwenzake aliyeamka kwenda kazini. Ule mnara maarufu aliuona kwa mbali tu, kupitia dirisha la treni, akaudhania mnara wa simu. Jumapili mama yake, Monica, alimpigia akitoka kanisani.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Mbona picha zako zote umesimama ukutani? Tutumie moja ukiwa nje, watu wanauliza."

"Nje kuna baridi, mama."

Majira ya baridi hayakuwa yameisha Vaileth alipohamishiwa chumba cha kufulia. Alifurahi, angalau huko kulikuwa na joto. Kulikuwa na mashine ya kunyoosha mashuka, rola ndefu mbili za moto zinazomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka. Ilipaswa kuwa na kizuizi cha kuzuia mikono. Kizuizi kilikuwa kimefunguliwa na kuegeshwa ukutani, kwa sababu kilichelewesha kazi. Wote waliofanya kazi pale walijua, na Madam Sylvie alijua kuliko wote.

Shuka lilijikunja pembeni. Vaileth akanyoosha mkono wa kulia kulivuta.

Hakusikia maumivu kwanza. Alisikia harufu. Mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya mashine akabonyeza kitufe cha kuzima, na rola zikachukua muda wao kusimama.

Madam Sylvie alifika na taulo lenye maji. Aliufunga ule mkono kwa uangalifu, karibu kwa huruma, kisha akafunga mlango.

"Sikiliza. Nikiita gari la wagonjwa kutoka hapa, watauliza jina. Utawaambia jina gani?"

Vaileth aliutazama mlango uliofungwa.

"Panda teksi. Waambie umeungua jikoni, nyumbani kwako. Ni kwa faida yako."

Hospitalini walimtibu. Walimtibu vizuri, kwa kweli, hakuna aliyemfokea. Walimwuliza jina, akataja lake, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi nchini mle. Wakauliza aliungulia wapi. Akasema hotelini. Mama wa ustawi wa jamii akakaa kando ya kitanda, akapiga simu hotelini mbele yake, akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Wanasema hawajawahi kuwa na mfanyakazi mwenye jina lako."

"Wanaye Zaliha."

"Wanasema Zaliha hajaumia."

Zaliha mwenyewe alikuja kumwona, amebeba machungwa. Alizungumza Kikomoro chake polepole, na Vaileth akakielewa kama mtu anavyoelewa lugha ya jirani. Alilia, tena machozi ya kweli. Alisema ana watoto, kwamba sheria ikijua alikodisha kitambulisho itamfunga. Akamenya chungwa moja, akamlisha Vaileth kipande kimoja kimoja.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mimi mikono yangu mizima. Nitasemaje nimeumia?"

Vidonda vilipofunga, vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani kama makucha ya kuku aliyekufa, na kazi hakukuwa na wa kumpa. Alipokamatwa na polisi kwenye stesheni ya treni, hakubisha. Alikaa kizuizini, akapandishwa ndege.

Basi lilimshusha Mikumi saa sita mchana, jua la utosi. Mama yake na mjomba Yared walikuwa wamekuja kumpokea wakiwa wamevaa nguo za kanisani, na mjomba amekodi Noah nzima kwa ajili ya mizigo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akatazama nyuma yake, kwenye buti la basi lililokuwa likifungwa. "Mizigo mingine inakuja baadaye?"

"Hakuna mizigo, mjomba."

Mama yake ndiye aliyeuona mkono. Aliushika, akaufunika kwa khanga yake, akaendelea kuushika hivyo njia nzima mpaka Kilosa na kupanda mlimani kwao. Mjomba alikaa mbele na dereva. Jioni ile hakula chakula.

Vaileth alirudi Mikumi kuomba kazi kwenye gesti ileile aliyoiacha. Mwenye gesti alikuwa mtu mwema. Alimpa ndoo na shuka moja, akasimama kando, akamwangalia akijaribu kulikamua kwa mkono mmoja na kiwiko, maji yakimchuruzika mpaka miguuni.

"Pole, binti yangu," alisema. "Unaona mwenyewe."

Daktari wa Morogoro alisema vidole vingeweza kunyooshwa kwa upasuaji, lakini si baada ya mwaka kupita. Kadiri unavyochelewa ndivyo vinavyozidi kukaza, na fedha ya upasuaji nyumbani haikuwepo. Basi akaenda kwa Goodhope. Siku hizi alikuwa na ofisi pale Mikumi, ghorofani juu ya duka la vipuri vya malori, na kiyoyozi. Vaileth alikuwa amepanga maneno makali tangu nyumbani. Goodhope aliinuka kumpokea, akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Vaileth, mimi nilikufikisha. Kilichotokea huko sikukitenda mimi," alisema. "Polisi unaweza kwenda. Watakuuliza nani alikulazimisha kupanda ndege, na nani alikutuma ufanye kazi kwa kitambulisho cha mtu. Utawajibuje?"

Goodhope akamsogezea glasi ya maji.

"Mimi si mtu mbaya. Nitakulipia upasuaji. Jumamosi nina wasichana wanakuja kusikiliza. Kaa nao kidogo. Wasalimie kwa Kifaransa. Waambie kuna hoteli, kuna kazi. Je, huo ni uongo?"

Haukuwa uongo.

Jumamosi wasichana walijaa. Wengine walitoka Mvumi, wengine Rudewa, wengine hapohapo Mikumi, wenye viatu vilivyofutwa vumbi mlangoni. Wengi walikuwa wamesindikizwa na mama zao, waliokaa nyuma na kuwanong'oneza wakae vizuri. Goodhope alimtambulisha Vaileth kuwa dada yao aliyekwisha kuishi Paris. Vaileth akawasalimia kwa Kifaransa, wakacheka kwa furaha, wengine wakajaribu kuirudia ile salamu.

Msichana mmoja wa mbele aliuangalia mkono uliofunikwa khanga. "Dada, pole. Umefanyaje?"

"Ajali ya bodaboda," Goodhope alimjibu, "hapa hapa Mikumi. Hawa vijana wetu hawaendeshi kwa akili."

Kina mama walisikitika kwa sauti. Goodhope akaendelea kueleza habari za viza. Vaileth alikuwa anahesabu, si kwa namba, bali kwa nyuso, na kila uso aliuona umepiga magoti ndani ya beseni.

"Si bodaboda," alisema.

Goodhope akaketi.

Akawaeleza. Aliwaeleza mashine, kizuizi kilichoegeshwa ukutani, taulo, mlango uliofungwa. Aliwaeleza kitanda cha zamu, na jina lisilo lake. Akaondoa khanga, akauinua mkono wauone wote. Alijua kwamba upasuaji umekwenda na maneno yale, akaendelea tu. Alipomaliza, sauti ilikuwa imekauka. Goodhope hakumkatiza. Alikuwa amekaa, kidevu mkononi, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Msichana aliyetoka Mvumi, Siwema, aliyekaa karibu na dirisha, akasimama. Gauni lake lilikuwa la kuazima, limempwaya mabegani. Mafuriko yalikuwa yamechukua shamba lao na mazao yote, alikuwa amelieleza hilo mlangoni alipoingia. Aliongea kwa adabu, mikono ameiweka nyuma.

"Dada, pole sana. Samahani, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ile nafasi yako ya kwenye mashine, walishampa mtu?"

Hakuna aliyecheka. Wasichana wote waligeuka kumtazama Vaileth, na kina mama waliokaa nyuma wakanyoosha shingo, wasilikose jibu.