Utepe Uliomnenepesha Bi Ngazi

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye viatu na wasio navyo, kwamba asubuhi hiyo lango la fundi cherehani lilifunguliwa wazi kumpokea mgeni wa heshima, wa ukoo wa kifalme, mwenye singa za dhahabu na mwendo wa madaha.

Mgeni alishuka kinyumenyume kutoka kwenye lori la mchanga, akapiga chafya, na makamasi yote yakatua kwenye miwani ya fundi.

"Ndiyo asante yenyewe hiyo?" fundi aliuliza, akijifuta kwa pindo la gauni.

Singa zenyewe zilikuwa rangi ya kamba kuukuu. Farasi jike huyo, mdogo wa umbo, alikuwa ametelekezwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akitafuna mbao za uzio kwa kukosa kingine. Fundi alikwenda huko kupeleka sare za wafanyakazi, akarudi na farasi. Alipoulizwa na majirani, alisema kila mtu hurudi na kitu kutoka safarini.

Binti wa kaka yake, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, alizitazama mbavu za mgeni na kumpa jina papo hapo: Bi Ngazi. Yeye mwenyewe aliitwa Kiherehere, na jina hilo hakulipata bure. Muhula uliopita aliivisha kengele ya shule soksi, wanafunzi wote wakalala hadi saa ya chai.

Daktari wa mifugo alikuja mchana, mama mfupi mwenye buti ndefu na maneno machache.

"Kidogo kidogo, mara nyingi," alisema. "Mkimjaza chakula leo, kesho mtachimba shimo."

"Na hilo tumbo?" fundi aliuliza. "Mbona kakonda kote, tumbo tu ndilo limetuna? Ni gesi?"

Daktari alipapasa, akasikiliza. "Ni gesi. Ila hii ina kwato."

Gesi ilizaliwa wiki iliyofuata, fundi akiwa katikati ya kupiga pasi suruali. Kiherehere alikuja mbio akipiga kelele, fundi akatoka mbio na pasi mkononi, na suruali ikabaki mezani ikimshukuru Mungu. Bandani, juu ya majani makavu, kulikuwa na kitu chenye unyevu na miguu mingi kupita kiasi. Kiliinuka, kikasimama kama kinasubiri kupigiwa makofi, kikaanguka. Kikainuka tena. Safari ya nne kilifika kwenye chuchu za mama yake, kikanyonya huku kimkia kikichezacheza.

"Huyu ni Mheshimiwa," Kiherehere alitangaza. "Ona anavyosimama kabla ya kuanguka."

Wakacheka mpaka fundi akakaa chini, pasi ikiwa bado mkononi.

Lakini daktari, alipokuja kupaka kitovu dawa, hakucheka. "Mama hana mwili, na mtoto anamnyonya kila kitu. Nikirudi, nataka kifua chake kiwe sentimita mia moja arobaini na tano. Kisipofika, mtoto namchukua, nikamlee kwa chupa kwangu. La sivyo atammaliza mama yake."

Akamwonyesha Kiherehere jinsi ya kuzungusha utepe wa fundi nyuma ya miguu ya mbele, kisha akautundika kwenye msumari wa mlango.

Tangu hapo Kiherehere, ambaye shuleni aliamshwa kwa maji, aliamka mwenyewe. Aliloweka pumba, alitandika majani, alichana singa kwa chanuo lake zuri. Mheshimiwa alimfuata kila mahali, akimtafuna nywele na kumkanyaga vidole bila kuomba radhi. Jioni akimpima Bi Ngazi, utepe ulisogea kama unasukumwa. Siku ya daktari ilipokaribia, ulikuwa umegoma kwenye mia moja arobaini na moja.

Mtu mwingine angelia. Kiherehere alichukua sindano.

Aliukunja utepe mahali padogo, akaushona upande wa nyuma kwa mshono wa kuficha, akaubonyeza chini ya godoro. Sasa sitini na nane ilipakana na sabini na tano, na Bi Ngazi alikuwa amenenepa sentimita saba bila kula punje ya ziada. Mheshimiwa haendi popote. Kazi ya kupima ikawa imekwisha, ikabaki ya kulisha.

Kumbe daktari naye akachelewa. Ng'ombe wa watu walishikwa na homa, na ziara ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Bi Ngazi hakuwa na habari za ratiba. Alikula.

Hatimaye daktari alifika, akauzungusha utepe kifuani pa farasi, akavuta, akavuta tena. Ncha mbili zilitazamana kwa mbali, kama watu waliokosana.

"Haufiki," alisema.

"Kifua kimepita mia na hamsini zote za utepe?" Fundi alipiga kigelegele hadi Mheshimiwa akaanguka.

Daktari alikunja uso. "Kanenepa kwa haraka mno. Hivi ndivyo kwato zinavyoharibika. Mtoto abaki na mama yake, sawa, ila kuanzia leo mpunguzieni chakula nusu."

Kiherehere alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. Alimtazama Bi Ngazi, aliyekuwa akilamba ndoo tupu mpaka inang'aa.

"Msimpunguzie!"

"Kwa nini?"

"Ame... amezoea."

Shangazi yake aliuchukua utepe, akaupitisha kati ya vidole vilivyopima nusu ya viuno vya mtaa mzima. Vidole vikasimama.

"Sitini na nane," alisoma polepole. "Sabini na tano. Siku hizi shuleni mnahesabu hivi?"

"Ni mtaala mpya, shangazi."

"Na mshono huu wa kuficha nimemfundisha mtu mmoja tu katika dunia hii."

Kiherehere alimgeukia Bi Ngazi. Bi Ngazi akatazama ukutani, kama rafiki yako ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ni mimi," Kiherehere alisema. "Niliogopa mtamchukua Mheshimiwa. Mchukueni, basi. Lakini mama yake msimnyime chakula. Hajanenepa, ni uzi tu."

Fundi aliukata uzi kwa meno, akaunyoosha utepe, akampa daktari. Daktari akapima. Akapima tena, maana sasa hakumwamini mtu humo bandani.

"Mia moja arobaini na tano," alisema. "Na kidogo. Huu si uzi, mwanangu. Hizi ni pumba zako."

Kiherehere alimkumbatia Bi Ngazi shingoni, akalia kwa kelele, na Bi Ngazi akampigia chafya ya masikio yote mawili.

Daktari alichukua mkoba wake, akaanza kuelekea garini. Shangazi alikunja mikono.

"Kuna lingine la kuungama, koo likiwa bado wazi?"

Kiherehere alifuta machozi. "Daktari! Usikae kwanza. Kwenye kiti cha gari lako nimemwaga pumba zilizolowekwa. Ilikuwa endapo ungemchukua mtoto."

"Ndoo nzima?"

"Nusu, daktari. Nusu nyingine ilikuwa ya Bi Ngazi, nisingeweza kumpunguzia."