Ndiyo Iliyorudi kwa Dobi

Asubuhi hiyo Dobi alikuwa ameshanyoosha kola tatu pale mumewe alipoinamia beseni kunawa, na uso wake ukabaki majini. Ulielea kidogo, masharubu na yote, kisha ukayeyuka. Aliyeinuka kutafuta taulo alikuwa fundi redio, jirani yao.

"Kumbe ni wewe," alisema Dobi, akaisimamisha pasi.

"Ni mimi, shemeji. Samahani."

Uso ule fundi aliuokota kwa kinyozi. Mume wa Dobi, anayejenga barabara mbali, siku ya kuondoka alinyolewa mbiombio asiachwe na basi, akasahau kuuondoa uso wake kiooni. Fundi redio alikuwa wa pili kwenye foleni, akauvaa, ukamkaa vizuri. Jana yake jioni alibisha hodi, Dobi akafurahi mno, na alipoombwa kitandani akasema ndiyo kwa moyo mweupe.

"Lakini ulikubali," fundi alisema akifunga kamba za viatu. "Sikukulazimisha."

"Nilimkubali mume wangu."

"Aliyekuwepo ni mimi." Akaenda zake kufungua kibanda.

Dobi alilisugua shuka mpaka vidole vikachubuka. Alilia kwa hasira, maana hata maneno yake mwenyewe sasa yalikuwa upande wa mwizi.

Mchana, ile ndiyo yake ikarudi. Iliingia kwa mlango wa nyuma, ndogo kama yai, vumbi tupu, ikajibanza kando ya pasi. Ilikuwa imehangaika usiku kucha ikimtafuta iliyetumwa kwake, isimwone. Dobi aliipangusa, akaisikia ina joto. Roho ikamtulia. Basi fundi hakupewa kitu.

Akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kituo cha polisi, akaeleza yote. Afande aliigeuzageuza kwa ncha ya kalamu.

"Ilitoka mdomoni mwako, mama?"

"Ilitoka."

"Na fundi akaisikia. Basi ilifika."

"Ingefika isingerudi. Afande, unaikumbuka suruali yako ya gwaride?"

Afande aliikumbuka sana. Dobi hushona uzi wa rangi ndani ya kila nguo, kila mteja na rangi yake, na nguo humpa mwenye uzi au nduguye. Muuza mkaa alikuja akajiita mdogo wake Afande, akakabidhiwa suruali, akaenda nayo harusini.

"Nilimpa kwa mikono yangu miwili, tena nikicheka," alisema Dobi. "Ulisema nimekubali?"

"Nilimvua palepale mbele ya bibi harusi, nikamweka ndani."

"Sasa?"

"Suruali ni mali, mama. Sheria inaijua suruali." Akamrudishia kitambaa chake kwa adabu, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mume alirudi mwisho wa mwezi, akakuta beseni kizingitini. Dobi alimsimulia yote hapohapo, ndiyo ikiwa kiganjani. Mume aliketi chini akalia. Kisha akanawa, akajisugua hadi shingoni, na uso ukabaki palepale.

"Nilale kwa mama kwanza?" aliuliza.

"Ingia bwana, umechoka. Hii itakuja yenyewe ikitaka."

Ile ndiyo iliwekwa rafuni, karibu na sabuni, na hakuna aliyeiharakisha. Siku moja mvua ikinyesha, mume akisimulia jinsi msimamizi wao alivyokanyaga lami mbichi akaacha viatu humo, Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. Ile ndiyo ikashuka rafuni, ikatambaa mpaka kwa mume, ikakaa. Haikurudi tena. Dobi alilala amejaa furaha, huku mvua ikiendelea.

Fundi redio bado yuko kibandani kwake, anasalimia kila mtu, na siku hizi huenda kwa kinyozi mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ila mtaa mzima sasa una mabeseni milangoni. Hata kwa Afande lipo. Akitoka kazini hukuta maji tayari na mkewe amesimama kando, naye huvua kofia, akanawa bila kuuliza ni ya nini, kisha akainua uso atazamwe.