Hatua Tisa za Yamumbi

Mwaka wa themanini na saba, Mama Nyaguthii alituruhusu tuzike kipimo cha mitetemo nyuma ya zizi lake kule Yamumbi. Alikuwa mjane, anaishi na ng'ombe mmoja.

"Na mimi mtakuwa mkiniona?" aliniuliza.

"Kila asubuhi, Mama. Ukikanyaga tu hapa, kalamu inachora ofisini."

"Basi siko peke yangu." Akacheka. "Nikianguka nitawapigia hodi."

Nilicheka pia. Mimi Zachariah nalala chumba kimoja mjini, kwa hivyo nilimwelewa sana.

Ofisini tulitafuta picha ya miamba iliyo chini ya wilaya ya Uasin Gishu, kwa kufuata jinsi mitetemo inavyopita ardhini. Kazi yangu ilikuwa kutia alama kwenye karatasi: hili tetemeko, huyu ng'ombe, huyu mtu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mama Nyaguthii alipita kwenda kukama, mguu wa kushoto mzito kuliko wa kulia. Sioni haya kusema nilikuwa namsalimia.

Baada ya miaka miwili mkuu wetu, Daktari Kimeli, akaleta kompyuta inayojifunza kwa mifano. Mifano yenyewe ilikuwa alama zangu.

"Ifundishe kutupa watu wote, Zachariah," akasema. "Mimi nataka mawe."

Nikaifundisha, tena vizuri, maana kazi mbovu siiwezi. Kalamu ikapelekwa stoo. Nikawa napewa karatasi safi zisizo na mtu, na asubuhi zangu zikawa ndefu ajabu. Nilitaka kwenda kumsalimia. Kila wiki nilisema nitaenda Jumapili.

Alhamisi moja Daktari akaja akitabasamu. "Yamumbi imekuwa safi! Tangu Jumanne mchana kompyuta haijatupa mtu hata mmoja."

 Nikatafuta mkanda wa kumbukumbu wa Jumanne, ule wa kabla ya kompyuta kuondoa watu, nikauchapisha.

Saa kumi na mbili asubuhi, hatua tisa. Kishindo. Kitu kikaburutwa polepole, kikikaribia kipimo. Halafu mtu akaanza kugonga ardhi, mara tatu, akapumzika, mara tatu tena, mpaka saa nane mchana. Kando ya kila pigo kompyuta ilikuwa imeandika neno nililoifundisha mimi: mtu.

Nilipofika Yamumbi, Wamucii, jirani yake, alikuwa ameitwa na kilio cha ng'ombe. Mama Nyaguthii alikuwa amelala bila uhai kando ya kipimo chetu, jiwe mkononi.

"Barabara iko pale mbele," Wamucii alisema akilia. "Kwa nini alijiburuta huku nyuma?"

Nilijua kwa nini. Alikuja kutupigia hodi.