Kilo Ishirini na Tano

Siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Estelle alimlaza mtoto wa Faida kwenye mizani ya kituo cha afya, katika kijiji kimoja cha eneo la Wamaza, na mshale ukazunguka hadi mwisho ukagonga chuma. Mizani hiyo ya watoto wachanga inaishia kilo kumi na sita. Mtoto mwenyewe hakuwa na kasoro. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, amelia alipotakiwa kulia, na mikono miwili ilitosha kumpakata. Alipokuwa anatoka tumboni, kitanda cha mama yake kililia kama kinavyolia mtu wa pili anapoketi, lakini Estelle alikuwa kazini tangu alfajiri na hakukisikiliza kitanda.

Estelle alikuwa mtu wa kushuku. Alikuwa muuguzi pekee wa kituo hicho kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo alikuwa ameona magodoro yakitoroka, na dawa za malaria zikigeuka chaki ndani ya maboksi yaliyofungwa. Kwanza aliishuku mizani. Aliweka juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja, na mizani ikasema kilo moja. Alikwenda kwenye mizani ya watu wazima, akasimama peke yake, akaona sitini na mbili. Akamchukua mtoto kwa mikono miwili, akainamisha mgongo, akasimama tena. Tisini na gramu mia mbili.

Kisha alimshuku mama. Wanawake waliotoka upande wa Salamabila, kwenye machimbo, walijulikana kwa kuficha dhahabu mahali ambapo mwanajeshi huona haya kutazama. Estelle alikunjua vitenge vyote, akavikung'uta, akavikunja tena. Alimbonyeza mtoto tumboni taratibu, akakuta tumbo. Faida alikuwa na miaka ishirini na mitatu na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alimfuata muuguzi kwa macho, akauliza kama kuna ugonjwa. Estelle alimjibu kwamba bado anatafuta.

Aliyemjibu vizuri ni Cécilia, mama mkwe wa Faida, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi na beseni la maji ya moto miguuni.

“Mizani yako iko muzima, muganga,” alisema. “Mutoto ndiye iko na muzigo.”

Akaeleza bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, babu wa mumewe alichukuliwa shambani na askari wa Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, akawekewa sanduku kichwani ili alipeleke mashariki, walikokuwa Wadachi. Kila mwanamume alibeba kilo ishirini na tano. Wengi walianguka njiani kwa kuhara na kwa njaa, naye alianguka. Sanduku lilikuwa halijafika na hapakuwa na mtu wa kulipokea. Kwa hiyo lilirudi nyumbani. Mwanawe, aliyekuwa ameanza kutembea mwezi ule, aliketi chini ghafla siku moja mchana na hakusimama tena mpaka baada ya mwaka. Huyo alipokua aliogopa kuoa, akachelewa, lakini hatimaye akamzaa Ngoy, mume wa Cécilia, na siku ile ile yeye akawa mwepesi na Ngoy akawa mzito. Ngoy akampa mwanawe Gérard, mume wa Faida. Na leo, alisema Cécilia huku akijaribu maji kwa kidole, Gérard amempa huyu.

Estelle alisikiliza mpaka mwisho. Hakuona sababu ya kutoamini, kwa kuwa mizani mbili zilikwisha kusema hivyo, lakini alikuwa na daftari mbele yake, na daftari lile husomwa kila mwisho wa mwezi na msimamizi anayetoka Kabambare kwa pikipiki. Msimamizi huyo alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kwa sauti mbele ya wagonjwa. Estelle alitoa ishirini na tano kichwani mwake. Katika daftari, na kwenye karatasi ya kuzaliwa, akaandika: kilo 3,2.

Alhamisi mchana Kadogo, dereva wa pikipiki wa njia ya Salamabila, aliteremka kituoni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alisema Gérard amefungwa kwenye baryeri ya Komite ya Barabara Safi, ule mti uliolazwa barabarani ambapo wachimbaji wote hupimwa uzito asubuhi wakiingia machimboni na jioni wakitoka. Jumanne alfajiri Gérard aliingia na kilo themanini na sita. Jioni alitoka na sitini na moja. Mkubwa wa baryeri alikuwa anamshuku tangu zamani, kwa sababu mtu mwembamba kama fimbo hawezi kuwa na kilo themanini na sita. Sasa alikuwa na uhakika: Gérard amepitisha kitu na kukiacha huko ndani. Na mtu akipitisha kilo ishirini na tano za kitu kisichoonekana kwenda kwa watu wa msituni, alisema Kadogo, hapana mtu anayeuliza kama ni chumvi. Jumamosi watampeleka kwa wanajeshi.

Cécilia alivaa kitenge chake cha misa. Alimwambia Estelle kwamba watakwenda wote, pamoja na karatasi ya mtoto. Estelle alisema karatasi inatosha bila yeye. Cécilia akamwuliza:

“Karatasi yako inasema nini, muganga?”

Estelle akachukua mwavuli wake.

Walikwenda Ijumaa kwa pikipiki mbili. Kadogo alimpakia Faida na mtoto, na kwenye kila mlima aliteremka akasukuma. Kwenye daraja la magogo baada ya Kabambare, alimwomba Faida amweke mtoto chini upande huu, avuke yeye kwanza, kisha Cécilia amlete mtoto peke yake kwa hatua ndogo. Gogo la tatu lilipasuka hata hivyo. Katika njia nzima Estelle alikuwa akipanga maneno ndani ya kichwa chake, akiyapanga upya, na kila mpango ulikuwa na uongo mwingine ndani yake.

Mkubwa wa baryeri aliitwa Jean-Baptiste. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa na mizani nzuri kuliko ile ya kituo cha afya. Aliwapa wanawake kiti kimoja na kopo la maji. Gérard aliletwa kutoka ghalani. Hakupigwa, ila alitembea vibaya. Aliinua miguu juu mno, na kila hatua ilimsukuma mbele, kama mtu anayeteremka ngazi ambayo haipo. Alipomwona mtoto aliuliza jina lake. Faida akasema bado walikuwa wanamngoja yeye.

Jean-Baptiste alieleza tatizo lake. Yeye hakuwa na chuki na kijana huyu. Lakini kilo ishirini na tano zimeingia machimboni na hazijatoka, na yeye ndiye aliyetia sahihi asubuhi ile. Alitaka tu kujua ziko wapi na ni kilo za nini.

Estelle alimgusa Cécilia kiwiko ili anyamaze. Cécilia hakunyamaza.

“Ni sanduku moja,” alisema. “Ndani muko risasi.”

Vijana wawili wa baryeri waliokuwa wamekaa kwenye kivuli walisimama. Gérard alifumba macho. Jean-Baptiste alichukua kalamu ya pili.

“Risasi za nani, mama?”

“Za Bulamatari. Za kupiga Wadachi.”

“Na nani alipashwa kuzipokea?”

“Hapana mutu. Ndiyo shida yetu tangu zamani.”

Jean-Baptiste aliandika. Akauliza risasi hizo ziko wapi saa hii, na Cécilia akamwonyesha kwa kidevu kule zilikokuwa zinanyonya. Mkubwa yule hakucheka wala hakukasirika. Aliomba ruhusa kwa Faida, akanawa mikono, akamlaza mtoto kwenye mizani yake. Akasoma mara mbili. Ishirini na nane na gramu mia nne.

“Anakua,” Faida alisema.

Halafu Jean-Baptiste akafungua karatasi ya kuzaliwa, na hapo uso wake ukabadilika. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena juani. Mtoto huyu, alisema, alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Kuna sahihi na muhuri. Kwa hiyo sanduku halikutoka kwa baba siku ya Jumanne. Limewekwa juu ya mtoto baadaye, njiani, na watu wazima, ili kumdanganya. Kama wamelitoa machimboni leo asubuhi na kulipakia kwenye mtoto, basi aliyefungwa ni mmoja lakini wenye makosa ni wanne.

Faida alimtazama Estelle, naye Cécilia akamtazama Estelle, na hata Gérard, ambaye hakumjua, akafuata macho yao. Estelle alifikiria daftari, akafikiria msimamizi na sauti yake. Alifikiria pia kwamba pikipiki ya Kadogo ilikuwa palepale, imeelekezwa nyumbani.

“Ni mimi niliandika uongo,” alisema. “Nilimupima. Ilikuwa makumi mbili na munane na gramu mia mbili, saa tatu na robo.”

“Kwa nini uliandika uongo?”

“Kwa sababu hapana mutu angeniamini.”

Jean-Baptiste alisema yeye anaamini. Kazi yake haikuwa kushangaa, ilikuwa kujua kila kitu kiko wapi. Akamfanya Estelle aandike mambo hayo kwa mkono wake mwenyewe, na namba ya kitambulisho, na kwamba ameghushi karatasi ya serikali. Kisha akafanya hesabu chini ya ukurasa, akapiga mstari, akaona inatimia. Akamwambia Gérard achukue viatu vyake.

Estelle alikuwa bado ameshika kalamu. Alimwuliza, kwa kuwa sasa wanajua ni mzigo na wanajua umetoka wapi, kama yeye hawezi kuupokea. Atie sahihi tu, mtoto aachwe awe na kilo zake tatu.

Jean-Baptiste alilifikiria jambo hilo kwa haki. Alisema Komite yake husimamisha vitu, haipokei vitu. Mzigo ulikuwa wa serikali ile, na serikali ile ilikwenda kwao mwaka wa sitini bila kuuliza habari zake. Zilizofuata hazikumwachia maagizo. Angeweza kuuliza Kindu, kwenye ofisi za mkoa, lakini hakujua huko wangeuliza wapi. Alichoweza kumpa mtoto ni karatasi ya njia, kwa kuwa mtu anayebeba risasi hawezi kupita bila karatasi.

Akaijaza yeye mwenyewe, kwa herufi nzuri. Jina: Régina, kwa maana Gérard alikuwa amelichagua pale pale, akivaa viatu. Umri: siku tatu. Kazi: mpagazi. Mali: sanduku moja. Kwenye mstari wa mahali anapokwenda akaandika Tabora, mji wa Wadachi wakati ule. Akasita. Akainua macho, akawauliza kwa nini basi walikuwa wanarudi upande wa Wamaza, wakati Tabora iko mashariki.

“Anarudi kwao,” Cécilia alisema.

Jean-Baptiste aliandika hilo pia. Alisema kwamba zamani mpagazi aliyerudi nyumbani na mzigo alichapwa viboko mbele ya wenzake, na kwamba hana hakika kama amri hiyo ilifutwa. Ataulizia. Kwa sasa wapite, ila mtoto aletwe hapa kupimwa kila mwezi, na uzito ukipungua bila maelezo, baba yake atarudi ghalani.

Mti ukainuliwa. Gérard alijaribu kutembea mbele na akayumba tena, mpaka Faida akampa mtoto. Alimweka begani, magoti yakashuka kidogo, na kutoka hapo akatembea vizuri.

Mwisho wa mwezi msimamizi alisoma kwenye daftari 3,2 iliyokatwa na 28,2 iliyoandikwa pembeni, na akauliza kwa sauti, mbele ya wagonjwa kumi na wawili. Estelle alijibu alivyojibu kwenye baryeri. Alipewa barua ya onyo na mizani mpya, na mizani mpya ikasema kama ile ya zamani. Tangu hapo huandika kila anachosoma. Mwezi wa sita alimpima mzee aliyekuwa na kilo nane tu, akaziandika nane, akampa dawa.

Jibu kutoka Kindu halijafika. Régina sasa ana miezi tisa na kilo thelathini na tatu, ana meno manne, na ameanza kutambaa. Nyumba ya Cécilia ni ya sakafu ya udongo na ina milango miwili. Magoti ya mtoto yamekwisha kuchimba njia sakafuni, nyembamba na iliyonyooka, kutoka kwenye mkeka hadi mlango wa mashariki, na kila asubuhi kabla ya kwenda shambani Cécilia huburuta benchi, akaliweka hapo.